Mstari wa Kilio

Pale Kibondo walimwita Sista Tunu, na ukimsikia akiongea ungeapa kazaliwa nyuma ya msikiti wa Ujiji. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na kanga zake kila moja ilikuwa na neno la kumchoma mtu. Akiulizwa kwao alijibu Ujiji. Akiulizwa wazazi alisema wametangulia mbele ya haki, na watu wakampa pole. Alizipokea hizo pole kwa uso mkavu kabisa, kama mtu anayepokea chenji yake dukani.

Baba yake alikuwa ametangulia kweli, hilo hakudanganya. Mama yake, hata hivyo, alikuwa kijijini Titye, huko Kasulu, mzima wa afya, akipalilia maharage. Na huyo Tunu alipozaliwa aliitwa Niyibizi. Kwa kuwa mama wa kule huitwa kwa mwanawe wa kwanza, bibi huyo wa maharage hakuwa na jina jingine kijijini zaidi ya Mama Niyibizi. Binti alilivua jina, mama akabaki amelivaa.

Mambo yalianzia chuoni, huko pwani, alikokwenda kusomea uuguzi na ukunga. Siku ya kwanza tu bwenini alifungua kinywa, wenzake wakaangua kicheko. "Kumbe Muha! Jamani, manamba wetu huyu! Dada, umekuja kusoma au umekuja kukata mkonge?" Walikuwa wasichana wa kawaida, wala hawakumchukia, baada ya wiki mbili tatu walikuwa wameshasahau. Yeye hakusahau. Alikimeza Kiha chake kama dawa chungu, akajifunza kuongea upya, na alipomaliza chuo hakuna aliyeweza kumjua kwao kwa sauti.

Kisha akaolewa na Hilali, muuza duka wa Kasulu mjini, ambaye babu yake alitoka Bagamoyo. Akasilimu, akaitwa Tunu. Hilali alikwenda mwenyewe Titye kuposa, akala ugali wa muhogo wa mama mkwe, akaomba aongezwe. Hakuona aibu yoyote. Aliyeona aibu ni mwenye mama. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, ila hawakutuambia kwamba mtumwa huyo anaweza kuvaa sare nyeupe na kupandishwa cheo.

Tusimwonee lakini. Kazi aliijua. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hakuwa na matusi wala makofi, na wajawazito waliomba siku zao ziangukie zamu yake. Alipohamishiwa Kibondo kusimamia wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya, ilikuwa mwaka tisini na sita. Watu walikuwa wakimiminika kutoka Burundi, na wajawazito walikuwa wengi kuliko vitanda, wengine wa vijijini, wengine wa kambini, wote mlango mmoja. Kumbukumbu zao zilikuwa vurugu tupu. Kila muuguzi aliandika apendavyo kwenye kaunta buku yake. Mmoja aliandika "anaendelea vizuri" na kuweka nukta, na mwingine hakuandika kitu mpaka mtoto azaliwe.

Muuguzi mkuu wa wilaya, Stanislaus, mtu wa Songea mwenye subira na miwani iliyofungwa uzi, akamwita Tunu. "Sista, nitengenezee karatasi moja ya kumpima mama anapofika mlangoni. Iwe moja kwa wote, hata mhudumu aweze kuijaza. Ikifanya kazi hapa, tutaipeleka wilaya nzima."

Tunu aliifanya kwa moyo wote. Aliandika mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto, mapigo ya moyo wa mtoto, chupa ya maji kama imepasuka. Lakini kumpima mama njia ya uzazi ni kazi ya mkunga, na wakunga walikuwa wachache. Lazima kwanza mhudumu ajue nani aingie ndani sasa na nani asubiri kwenye benchi. Hapo akakumbuka wodi ya pwani alikofanyia mazoezi. Kule mama akikaribia alisikika mpaka barabarani: aliita mama yake, aliita Mungu, alimlaani mume kwa jina na ukoo. Tunu akatia mstari mmoja: *Kilio: hakuna, kidogo, kikubwa.* Kikubwa, ndani. Hakuna, benchi. Karatasi ikajaribiwa Kasulu mjini kwa wake wa wafanyabiashara, majirani wa Hilali, nao walilia vizuri mno. Ikachapwa kwenye mashine ya kurudufu, na wauguzi wakaipa jina: karatasi ya Sista Tunu. Kichwa kilimvimba kidogo, na nani kisingemvimba?

Alijua, na hapo ndipo palipo na aibu yenyewe. Msichana wa Titye hufundishwa mapema kwamba uchungu ni wa kung'ata kwa meno. Mama yake Tunu alimfundisha hivyo hivyo: siku yako ikifika, ng'ata pindo la kitenge, nyamaza, ihangane, yaani vumilia. Anayepiga kelele kaitia aibu nyumba aliyotoka. Mama mkwe ataisimulia kisimani mpaka mtoto aote ndevu. Na wa kambini walilelewa vivyo hivyo, kwa maana Kirundi na Kiha ni ndugu wa chungu kimoja. Tunu alilijua hilo kama anavyoujua mkono wake. Lakini kuliandika kwenye karatasi kungetaka aseme amelijuaje, na mtu wa Ujiji angelijua wapi? Wahudumu walipolalamika kwamba wanawake wa benchi wanazaa ghafla bila taarifa, alisema, "Wanachelewa kuja hawa," akageukia mengine.

Asubuhi ile Stanislaus alikuja na wageni wawili wa mkoani kuiona karatasi ikifanya kazi. Tunu alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukukata. Alikuwa akiwaeleza pale mlangoni, kalamu mkononi, alipoinua macho akamwona mama yake akipanda ngazi.

Mama alikuja taratibu, amemshika kiuno Niyonsaba, mdogo wake Tunu, aliyekuwa ameolewa kijiji kimoja cha Kibondo na kubeba mimba ya kwanza. Mama alikuwa ametoka Titye kuja kumwangalia mwanawe, kama mama yeyote. Alikuwa amejitanda kichwani kanga aliyotumiwa na Tunu mwenyewe kwa kondakta wa basi. Alipomwona binti yake katikati ya wageni wenye mafaili, alisimama. Akaitazama ile sare, akawatazama wale wanaume. Mama si mjinga. Zile habari za wazazi waliotangulia mbele ya haki zilikuwa zimefika Titye zamani. Umbea hauhitaji nauli.

Neno moja tu lilihitajika. Tunu akalitafuta, na lililotoka likawa hili:

"Shikamoo, mama."

Kwa sauti ile ile anayomsalimia kila bibi kizee anayepita.

"Marahaba, Sista," akasema mama yake.

Mhudumu akauliza jina la msindikizaji. Bibi yule, ambaye tangu awe mzazi hakupata kuitwa vingine, akasita kidogo tu.

"Andika Mama Niyonsaba."

Tunu aliendelea kushika kalamu. Mmoja wa wageni akasema tuone sasa mstari huu wa kilio unavyojazwa. Niyonsaba alikuwa ameegemea ukuta, jasho limemtanda juu ya mdomo, pindo la kitenge limebanwa kwenye ngumi yake. Hakumtazama dada yake. Alikuwa ameshaelewa kutoka kwa mama kwamba leo hakuna dada.

"Unasikia uchungu, mama?" akauliza Tunu.

"Kidogo tu, Sista."

Kidogo tu! Tunu aliujua huo udogo. Alipaswa kuweka mkono kwenye lile tumbo, angelikuta gumu kama jiwe la kusagia. Alipaswa kumwuliza kwa lugha waliyolala nayo kitanda kimoja utoto wote. Lakini wageni walikuwa wanatazama, na karatasi yake ilikuwa inajibu vizuri. Akatia alama kwenye *hakuna*.

"Basi akasubiri kwenye benchi," akasema, na wageni wakaandika.

Walikuwa bado wanazungumzia karatasi ngapi zichapwe kwa ajili ya Kasulu wakati mhudumu alipopiga ukelele. Mhudumu, si Niyonsaba. Niyonsaba hakutoa hata mguno. Tunu alipofika alimkuta mama yake amepiga magoti kwenye saruji, mtoto amempokea kwa kanga ile ile ya zawadi, kitovu kimemzunguka shingoni, naye amekuwa wa bluu na halii. Watu wote wa benchi walikuwa wamesimama.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile aliujua na mkunga. Tunu alikata kitovu, akamvuta mtoto makamasi, akamsugua mgongo, akamweka kifuko cha hewa usoni na kuminya, akaminya, akaminya. Hakuwa na Kiswahili wala Kiha wakati huo, alikuwa na mikono tu. Mtoto alikaa muda mrefu wa kumuua mtu kwa hofu. Kisha akapiga chafya, akakunja uso, akalia. Alilia kwa sauti kubwa ambayo kwenye karatasi ile ingemwingiza ndani wa kwanza.

Niyonsaba alishonwa, akalazwa, damu ikatulia. Tunu alinawa mikono, kisha akanawa tena. Alitamani ardhi ipasuke. Angekufa yule mtoto, angepata angalau pa kulilia. Watu humstahi anayelia msibani. Kapona, na sasa kila mtu alikuwa anamshukuru.

"Usijilaumu, Sista," alisema Stanislaus alipokuja kando ya kitanda na wageni wake. "Mgonjwa mwenyewe kasema kidogo tu. Tumesikia wote. Hawa wa vijijini hawajielezi, utafanyaje? Karatasi haina kosa."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Tunu alikuwa akijua kuutumia, maana aliishi kwa kutumia milango ya namna hiyo. Akainama kumfunika Niyonsaba shuka.

Stanislaus akamgeukia bibi kwa upole. "Mama, mjukuu ataitwaje? Au bado?"

Kule jina la mtoto si pambo. Huwa ni neno ambalo mzazi au bibi anataka lisikike na anayehusika, miaka yote, kila mtoto akiitwa kula. Mama alikuwa amemkumbatia mjukuu. Hakumwangalia mtu.

"Habonimana," akasema.

"Zuri," alisema Stanislaus, akiliandika. "Lina maana gani? Sista, wewe mtu wa Ujiji hutanisaidia hapa."

Tunu alitazama mikono ya mama yake, ile mikono ya maharage, ikiwa bado na damu ya Niyonsaba kwenye kucha kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa maji.

"Maana yake, aliyeona ni Mungu," akasema.

Stanislaus akainua miwani. "Umejuaje?"

"Mimi ni Muha wa Titye, bwana mkubwa. Kwetu si Ujiji. Na ile karatasi ina kosa, na kosa nalijua tangu naiandika. Wanawake wa kwetu hawalii. Wanafunzwa kutolia, hata wakifa. Nilinyamaza ili msijue na mimi nimefunzwa hivyo. Mstari ule ufutwe. Mhudumu aweke mkono tumboni, na mama aulizwe kwa lugha yake." Akamgeukia Niyonsaba kitandani. "Huyu niliyemweka benchi ni mdogo wangu. Na huyu ni mama yangu mzazi."

Wageni wa mkoani wakatazamana. Aliyesema alikuwa bibi, haraka haraka, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, huku akitabasamu kama mtu anayefunika chungu kisionwe kilichomo.

"Hapana, baba. Sista anatania. Ana huruma sana huyu Sista. Mimi ni mtu wa kulima tu."

Bado alikuwa anamficha. Mwanawe alikuwa amekwishautupa uongo, yeye akaukimbilia kuuokota, akidhani bado unatakiwa, akidhani ndiyo heshima aliyobakiwa nayo ya kumpa. Tunu hakuwahi kuona kitu kinachouma namna ile. Kucheka kote kwa bweni zima kulikuwa si kitu.

Akapiga magoti pale sakafuni na sare yake nyeupe, mbele ya wageni, wahudumu na wazazi wa vitanda vyote. Akaikamata ile mikono yenye damu kwa mikono yake miwili, akamsalimia kwa Kiha, kama binti wa Titye anavyomsalimia aliyemzaa.

"Mwidiwe, mama."

Wanawake wa vitandani waligeuka wote wakamwangalia. Niyonsaba alifumba macho. Mama alikishusha kichwa, akamtazama binti yake. Mikono hakuiondoa. Lakini alikuwa ameshazoea, na ulimi ukizoea hauamrishwi kwa siku moja.

"Marahaba, Sista," akajibu.