Golikipa Aliyetetemeka Kwao

Habari zilinikuta nikinywa chai: golikipa wetu wa zamani, yule wa timu ya karakana ya reli hapa Tabora, amefariki usingizini nyumbani kwake Kigwa. Kabla ya huzuni, nilishusha pumzi. Alikuwa ameugua kifua muda mrefu, na nilipomwona mara ya mwisho alilalamika kwamba kila aingiaye chumbani anamsemesha kwa sauti ya chini, utadhani ameshakufa. Basi amepumzika, nami nimeona niwasimulie habari zake, hasa ninyi wasomaji wangu mnaoapa kila wiki kwamba timu ikicheza kwao imeshashinda nusu ya mchezo.

Mimi nilikuwa beki wake, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Siku hizo mpira haukuwa na mshahara, lakini ulimpatia mtu kazi, na yeye aliletwa kutoka Usinge akaajiriwa karakana kwa sababu ya mikono yake tu. Ugenini alikuwa hapitiki. Tukienda Dodoma, Wagogo, watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, walijazana nyuma ya goli lake wakimtukana mwanzo mpaka mwisho, naye akawajibu huku akidaka kila kitu. Tukirudi Tabora, mipira ya kitoto ilimpita chini ya tumbo. Uwanja wetu, vumbi letu, shangazi zake wamekuja na kanga mpya, na mtu anatetemeka! Hatukuelewa kabisa.

Kumbe kosa lilikuwa letu, na lilitokana na mapenzi. Kamati ya timu ilikuwa imepiga marufuku utani nyuma ya goli tunapocheza nyumbani, kwa hoja kwamba mwenyeji hatukanwi kwake. Kwa hiyo palikuwa kimya. Watu wazima walisimama pale wamefumbata mikono, macho yote yakimwomba asiwaangushe. Nani angeweza kudaka hapo?

Ikafika Jumamosi ya kucheza na timu ya Kigoma. Msimamizi wa karakana alikwisha kumwambia waziwazi kwamba akifungwa kizembe tena, nafasi yake atapewa mwingine, timuni na kazini. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Tulikuwa mbele kwa bao moja, mechi inakaribia kwisha, beki mwenzangu akamchota mtu miguu ndani ya eneo la hatari. Penalti. Nilimtazama golikipa wetu, midomo ilikuwa imemkauka.

Hapo fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, Mzaramo, naye ni mtani wetu, akashindwa kuvumilia marufuku ile. Aliwapita wanakamati akasimama nyuma ya goli.

"We Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe kampira tu kanakushinda?"

Mwanakamati akamvuta shati. "Nyamaza, mzee, tuko nyumbani!"

"Kwenu, si kwetu! Niache na mtani wangu. Akifungwa huyu, mkewe nahama naye Uzaramo leo leo!"

Golikipa akageuka. "Utamlisha nini, Mzaramo wewe? Ngoma?"

Watu wakaangua kicheko, maana Wazaramo tuliwatania kwamba hawaachani na ngoma, na yeye mwenyewe akacheka mpaka mabega yakamshuka. Mpira ulipopigwa alikuwa bado anacheka, akaruka upande wa kulia akaukumbatia kifuani. Mimi nilikaa chini vumbini nikalia kwa furaha ya kuokoka. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa bado na kazi, na ile marufuku hakuna aliyeitaja tena.

Nawaona vijana wa leo wakiingia uwanja wa nyumbani, watu wamefunga maduka kwa ajili yao, redio zote zinawasubiri, na wakikosa tunashangaa kwamba wamekosa mbele yetu. Tunasahau kwamba mgeni akishindwa hupanda treni akaondoka, lakini mwenyeji atakutana nasi kesho sokoni. Sisemi tusiwapende. Nasema tuwapende kwa wepesi kidogo, tuwachekeshe, tuwaache wapumue. Ukimpenda golikipa wako, usimpe na moyo wako aushike. Mikono yake ni miwili tu, na kuna mpira unakuja.