Tinga la Egwang, Ng'ombe wa Alupo

Egwang alikuwa mvivu wa jembe tangu utotoni, na hili nalisema mimi Emukule niliyefanya kazi naye miaka kumi na moja. Tulichimba vyoo na visima pamoja, kuanzia Malaba mpaka ndani ya Bukhayo. Mmoja anaingia shimoni na sururu, mwingine anabaki juu na kamba, anavuta ndoo ya udongo na mwisho anamvuta mwenzake. Ukishafika futi thelathini chini, maisha yako yako mikononi mwa aliye juu. Zamu ya Egwang ya kuingia ikifika, mgongo unamuuma. Ikifika zamu yake ya kushika kamba, mgongo umepona. Nilimvumilia kwa sababu kamba hakuwahi kuiachia hata siku moja. Hilo nitampa, na lingine sitampa.

Mwaka wa tisini na sita, kampuni moja ya barabara ilimaliza kazi yake na kupiga mnada mashine zake kule Busia. Egwang alikwenda ati kutazama tu. Alirudi macho yamemtoka. Ameona tinga la manjano, kuukuu lakini linanguruma, lina sepetu pana mbele na mkono mrefu nyuma wenye ndoo ya meno. Linachimba kwa saa moja kazi yetu ya wiki.

"Emukule," akaniambia, "tumekuwa wajinga miaka yote hii."

Nikamwambia ajisemee mwenyewe.

Sasa mchimba vyoo atatoa wapi pesa za tinga? Kwa mama yake, atoe wapi kwingine. Mwanaume mzima, ana mke, ana mtoto, anakwenda kumpigia magoti mama mzee mjane. Shamba lao la kando ya barabara liliuzwa kwanza, wenye malori wakalinyakua. Halikutosha. Wakabaki ng'ombe kumi na mmoja wa Mama Alupo, na hao ndio walikuwa mali yake yote aliyoachiwa na marehemu.

Siku ya kuwatoa ng'ombe niliitwa niwe shahidi. Mama Alupo alikaa kwenye kigoda chake, akamtazama mwanawe bila kupepesa.

"Chukua," akasema. "Mimi ng'ombe nitawafanyia nini saa hii? Nataka kitu kimoja tu. Nikifa, nataka kuchimbiwa na mikono ya watu. Usiniletee hapa kitu cha kunifanya nikose watu."

Egwang akacheka. "Toto," akamwambia, ndivyo sisi Wateso tunavyomwita mama, "nani hapa atakosa kukuzika wewe?"

Na kwa hilo alisema kweli. Hakuna matanga kijijini ambayo Mama Alupo hakupika. Alikuwa anafika na sufuria yake mwenyewe kichwani kabla wenye msiba hawajamaliza kulia. Wachimbaji wa kaburi ndio aliowapakulia kwanza, mimi nikiwa mmoja wao.

Basi tinga likaja. Egwang alilisindikiza kutoka Busia mpaka Malaba akiwa amesimama juu yake, kofia ngumu ya njano kichwani, anapungia mkono watu waliokuwa wananunua nyanya. Mlangoni mwa tinga aliandikisha kwa rangi nyekundu: Egwang & Sons. Wana gani? Mtu ana binti mmoja tu, Cindy, na Cindy mwenyewe alikuwa darasa la tatu. Egwang hakujua kuliendesha tinga hata hatua moja, kwa hivyo akaajiri opereta anaitwa Obuya, mtu mpole wa Sio Port. Egwang kazi yake ilikuwa kusimama kando na kunyoosha kidole mahali ambapo Obuya alikuwa ameshapaona.

Sitadanganya, mwaka wa kwanza kazi ilikuwepo. Alichimba misingi ya maduka. Alisawazisha uwanja wa kuegesha malori. Tukipishana njiani ananiita "fundi" kwa sauti ya huruma, mimi niliyembeba kila aliposema mgongo unamuuma. Nilimchukia. Naweza kusema hivyo sasa bila kuona haya.

Halafu akafa mzee Ojakol.

Huyo Ojakol alikuwa na nyumba za kupangisha na roho ndogo. Hakuzika mtu. Mkifiwa, anafunga geti. Sasa kwetu kaburi halichimbwi kwa malipo. Vijana wa kijiji wanachimba, wanachinjiwa jogoo, wanakula, basi. Watoto wa marehemu hawagusi jembe. Lakini kama marehemu alikuwa mtu wa kufungia wenzake geti, vijana wanafika asubuhi, wanakaa kivulini, wanasema majembe yote yamevunjika. Hapo lazima mtu wa nyumba hiyo atoke mbele ya watu, alete mbuzi, amwombee marehemu msamaha. Akishamaliza, majembe yanapona na kaburi linachimbwa vizuri sana. Hiyo ndiyo siku pekee mnyonge anamwambia tajiri ukweli, na tajiri hawezi kumjibu.

Majembe yakavunjika, kama ilivyotakiwa. Mtoto wa Ojakol, Austin, alikuwa ametoka Nairobi na suti na haraka zake. Akauliza vijana wanataka nini. Akaambiwa. Akasema yeye hawezi kuomba msamaha kwa wanywa pombe. Akamtafuta Egwang.

Na Egwang akaenda! Mtu aliyekula majogoo ya makaburi pamoja na sisi tangu ndevu hazijaota. Anajua kila kitu, hakuna wa kusema hakujua. Mimi mwenyewe nilimzuia getini.

"Egwang, hii si kazi ya tinga. Waache wamalizane."

"Kazi ni kazi, fundi," akasema, kofia imeinamia jicho moja. "Nyinyi mmezoea kuchelewesha mambo."

Obuya alishuka akakataa. Egwang akamwambia achague kati ya kaburi na mshahara. Obuya akapanda tena. Akina mama walikuwa wanaimba, tinga likanguruma wakanyamaza. Haikufika robo saa. Likabaki shimo pana la kufugia samaki, kuta zimechanwachanwa na meno, na sanduku lilipoteremshwa likalala upande. Watu waliondoka bila kungoja mchungaji amalize. Egwang alibaki pale akiwa anatabasamu na Austin.

Tangu siku hiyo tinga halikuitwa tena. Kuanzia Malaba mpaka Amukura, nani ataruhusu msingi wa nyumba yake uchimbwe na meno yaliyomchimbia Ojakol? Egwang alipunguza bei, akapunguza tena, akazunguka kwa baiskeli kuwabembeleza watu aliokuwa akiwapungia mkono. Obuya alirudi kwao Sio Port. Betri ikauzwa, magurudumu ya mbele yakauzwa. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha opereta. Mimi nilipitia njia ya kwake makusudi, hata kama sikuwa na safari, nione tu.

Mwaka wa tisini na nane, kiangazi, nilikuwa nachimba choo karibu na soko. Nimetoka shimoni kunywa maji, watu wako pale wanapiga gumzo, nikamwona Mama Alupo anakuja na fimbo yake. Alikuwa amekonda. Alinisalimu, akauliza watoto, akauliza mvua. Halafu akasema polepole, mbele ya wote:

"Emukule, siku yangu ikifika, utanichimbia?"

Nilijua anachouliza. Vijana walikuwa wameshasema kwamba boma la Egwang litajichimbia lenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ni neno dogo. Lakini nilimwona Egwang mbele yangu na kofia yake, na hasira yote ya "fundi, fundi" ikanipanda.

"Mama," nikamwambia, nimeegemea sururu, "wewe una mtoto mwenye tinga. Sisi wa sururu unatutakia nini?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Mama Alupo akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu," akageuza fimbo yake akarudi alikotoka. Nilijiona mjanja mpaka jioni.

Alikufa mvua zilipoanza.

Asubuhi ya maziko nilifika nikakuta akina mama wamejaa jikoni. Vijana walikuwa wamekaa kule barabarani, mikono mitupu. Egwang aliwaletea mbuzi. Akapiga magoti kwenye matope, akaomba msamaha kwa sauti. Oriokot, mkubwa wao, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwonyesha tinga kwa kidevu.

"Mtoto wa Ojakol alitakiwa kupiga magoti hivyo hivyo. Wewe ulimwokoa. Sasa jiokoe."

Egwang akasimama. Akachukua jembe la mke wake, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba kaburi la mama yake mwenyewe. Akina mama walitoka jikoni, wakamwona, wakafunika nyuso. Jambo hilo sikuwahi kuliona kabla ya hapo, na sitaki kuliona tena. Hata jembe lenyewe alilishika vibaya. Alikuwa analia na anachimba kombo.

Nilimnyang'anya jembe, nikamsukuma kando.

"Toka hapo," nikamwambia. "Bure kabisa. Umekula ng'ombe wa mama yako, umekula shamba, sasa unataka kumlaza kwenye shimo la mbwa."

Nilianza na sururu yangu. Nilimtukana futi ya kwanza yote. Nikataja kofia, nikataja Egwang & Sons, nikataja kidole chake na mgongo wake. Alisimama pale juu akipokea yote. Futi ya pili nikamtukana. Ya tatu nikafika kwenye murramu, ule udongo mgumu wa changarawe, na kila nikifungua mdomo nasikia "Haya, mwanangu." Nikaacha matusi, nikachimba. Egwang alimnyima mama yake watu bila kufikiri. Mimi nilifikiri kabla ya kumjibu, na nikacheka.

Baadaye Oriokot alikuja akaruka ndani na sepetu bila salamu. Alisema amesikia harufu ya jogoo. Ni mwongo, jogoo alikuwa bado yuko hai, namwona anazunguka tinga. Tulichimba sisi wawili tu. Wengine hawakutoka barabarani. Nilinyoosha kuta kwa mkono, nikatoa kila kokoto chini, Oriokot akaniuliza kama nachimba kaburi au napaka nyumba rangi. Nikaendelea kunyoosha.

Tulipomaliza, Oriokot alipanda peke yake. Mimi nikanyoosha mkono juu bila kutazama, kama tulivyozoea miaka yote ile. Mtoto hachimbi kaburi la mama yake, lakini kumvuta mchimbaji hakuna aliyekataza. Egwang alinishika kwa mikono miwili akanivuta. Hakuachia.

Nilimwambia viganja vyake vimekuwa laini kupita vya karani, na aende anawe uso, mama anangoja.