Madoa kwenye Miche ya Sebuleni

Mume wangu hakuwa mtu wa kuomba. Aliingia jeshini akiwa kijana, akastaafu na cheo cha wastani, na katika maisha yake yote alizoea kuamuru au kuamriwa. Kuomba hakukuwamo. Kwa hiyo kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia, kilichonitisha zaidi hakikuwa mkono wala mguu. Kilichonitisha ni kwamba aligoma kunywa maji.

Sababu niliijua ingawa hakuisema. Anayekunywa maji lazima aende haja, na kwake kwenda haja kulikuwa na maana ya kuniita, nimshike kiuno, tuvuke ukumbi pamoja mpaka mlango wa choo. Akaona heri kiu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, midomo imekauka hadi inapasuka, na ukimwuliza anasema hana kiu. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wangu ukimwuliza anakataa, na usipomwuliza ukamtilia glasi mkononi, anaishika kwa heshima zote mpaka ugeuke, kisha anairudisha mezani imejaa vilevile. Alikuwa ameshalazwa hospitalini mara moja kwa ajili ya figo, na daktari akanivuta pembeni akaniambia kwamba mgonjwa akirudi tena kwa ukavu ule, yeye haniahidi kitu. Niliogopa. Na mimi nikiogopa hugomba, kwa hiyo miezi ile niligomba sana.

Kwetu Nengo, karibu na mpaka wa Goma, tunaongea Kinyarwanda na wageni na majirani, lakini mimi na yeye tuna Kiswahili chetu. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi. Yeye alikulia Uganda, na Kiswahili alikiokota jeshini. Tulipokutana baada ya kurudi huku, Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha watoto, basi akanichumbia kwa Kiswahili cha kambini, chenye amri nyingi na maneno matamu machache. Hadi leo namwita Afande. Yeye huniita mama, kama wanaume wengi wa hapa wanavyowaita wake zao.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya kwa mkono wa kushoto. Aliuminya siku mbili tatu, akautupa chini ya kabati, akasema yeye si mtoto. Lakini siku moja, baada ya kula ibinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai na uchachu wa kukunja uso, hakumeza mbegu. Alizitandaza juu ya gazeti zikauke, akaagiza nimkatie madumu ya mafuta ya kupikia na nimletee udongo mweusi. Nasema akaagiza, maana hiyo bado aliiweza. Akapanda kwa mkono mmoja, taratibu, udongo ukimwagika mpaka kwenye zulia langu, na sikusema kitu, jambo ambalo walionizoea hawataliamini.

Miche ilipoota, aliipanga dirishani kwa urefu kama kuruta kwenye gwaride. Nje isingeweza kukaa, kwa sababu kuku wa jirani hawaheshimu mipaka wala sare. Kila asubuhi aliikagua. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mwanajeshi mstaafu analima bangi sebuleni. Kiongozi wetu wa mtaa akaja kumjulia hali mgonjwa, akanywa chai huku shingo yake imegeukia dirishani muda wote. Mume wangu akamwambia, "Sogea, nusa." Mgeni akasogea, akanusa, akaona haya, akaomba awekewe mche mmoja ukishakua.

Na maji aliitilia mwenyewe. Hapo ndipo ilipokuwa raha yake yote. Tangi letu la maji ya mvua liko barazani, hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake, na bomba lake dogo liko usawa wa kiuno. Nilimtobolea kifuniko cha chupa kwa sindano ya moto. Alijaza chupa, akaitia mfukoni mwa koti, akarudi na fimbo yake, akainyunyizia miche juu ya majani hadi ikameremeta. Hakumwita mtu. Nilikuwa namtazama kutoka kwenye cherehani yangu nikiona wivu, ndiyo, wivu wa majani, kwa sababu yalinyweshwa vizuri na mtu ambaye mwenyewe hanywi.

Kisha yakaja madoa. Yalikuwa madogo, ya kahawia, makavu katikati, na mengine yamezungukwa na rangi ya njano. Yeye ndiye aliyeyaona kwanza. Hakuniambia. Nilijua tu kwa sababu asubuhi moja hakufanya ukaguzi, alikaa ameipa miche mgongo.

Jumamosi akaja mdogo wake kutoka Bugeshi, mkulima wa viazi, na gunia la viazi begani kama kawaida yake. Shemeji yangu huyu ni mtu mwema, lakini amelima viazi chini ya volkano miaka mingi kiasi kwamba kwake kila doa lililo juu ya jani lina jina moja. Alitazama dirishani, akashika kichwa. "Yebaba wee! Milidiyu!"

Milidiyu ndiyo ule ugonjwa unaounguza shamba la viazi likawa jeusi kabla hujamaliza kutafuta dawa. Watu wa Bugeshi wanauogopa kuliko mwizi, na wana haki. Dawa yao ni moja: kinachougua king'olewe upesi, kichomwe, kisije kikaua vizima. Shemeji alikunja mikono ya shati, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama nina kiberiti. Alisema hata na viazi vyake asingeviacha vilale katika nyumba ile, maana ibinyomoro na viazi ni ukoo mmoja na huambukizana.

Mume wangu akasema, bila kumtazama yeyote, "Ni kweli. Kitu mugonjwa inasumbua zile zima." Kisha akanigeukia. "Mama, ile chumba ya nyuma iko na nini ndani?"

"Kuna mahindi na masanduku. Kwa nini?"

"Uitoe. Mi nitalala kule. Hapa unapokea wateja, si muzuri wananiona."

Nilisimama na mkasi mkononi. Chumba cha nyuma hakina dirisha la maana. Nilielewa kwamba ameshajihesabu pamoja na miche, na kwamba akiingia kule, akageukia ukuta, sitamtoa tena. Iliniuma mpaka nikaona giza. Nikamgeukia shemeji, maskini, aliyekuja na viazi vyake kwa nia njema, nikamwambia akigusa hata jani moja atarudi Bugeshi na gunia lake kichwani.

"Shemeji, kwani wewe ni daktari wa mimea?" akauliza.

"Mimi ni mke wa mtu," nikamjibu. "Nipeni siku chache."

Mimi ni fundi wa kushona. Mteja akiniletea nguo yenye doa, sitazami doa tu. Nageuza kitambaa nione upande wa ndani, maana huko ndiko ukweli ulipo. Basi shemeji alipoondoka nilivuta kiti karibu na cha Afande, nikamvisha miwani yangu ya kushonea juu ya miwani yake, nikageuza jani la kwanza. Milidiyu, kama shemeji mwenyewe alivyotueleza kwa ukali, huota utando mweupe chini ya jani asubuhi yenye unyevu. Chini ya jani letu palikuwa safi. Tukageuza jingine. Safi. Hapakuwa na utando, wala wadudu, wala mayai yao. Nilikata jani moja lenye madoa, nikalifungia kwenye kopo la siagi pamoja na kitambaa kibichi, kusudi kama kuna kuvu ipate raha na ijitokeze. Kesho yake nilifungua. Madoa yalikuwa yaleyale, hayajaongezeka hata kidogo.

"Ingekuwa milidiyu, jani lingekuwa limeoza," nikasema.

Afande akalishika jani karibu na dirisha. "Angalia," akasema polepole. "Madoa iko juu tu. Na iko pale maji inasimamaka." Ni kweli. Yalikuwa kwenye vishimo vya jani na kwenye ncha, mahali tone linapotulia kabla ya kudondoka. Majani ya chini kabisa, yaliyofunikwa na wenzao, hayakuwa na doa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu shemeji aondoke kusikia sauti yake, na nilitamani kumkumbatia, lakini yeye hapendi kukumbatiwa akiwa kazini.

Tukajua basi kwamba kinachounguza kinatoka juu, pamoja na maji. Lakini maji ya mvua! Nani amesikia maji ya mvua yakidhuru mche? Afande alikataa kata kata. Alikulia kwenye malisho ya ng'ombe, na kule maji ya mvua yaliheshimiwa kama maziwa.

Jibu lililetwa na jirani yangu, mama anayevuka mpaka kila siku kuchukua mboga Goma. Aliingia kupumzika, akatua beseni lake la mchicha, akaanza kulalamika kabla hata ya kusalimia vizuri.

"Mama, angalia hii lengalenga. Nimeitosha Goma asubuhi ya leo, lakini majani yote iko na vidoa-vidoa. Bateja batasema nabauzishia ya jana."

"Ni wadudu?"

"Wadudu ya wapi! Ni mvua ya moshi. Volkano ikivuta moshi mingi, bon, ile mvua ndogo inapita ndani ya moshi, inashuka nayo, inaunguza majani. Kwetu Goma siku kama hizo hatukunywaka maji ya ku tangi."

Nikakaa chini. Wiki zile upepo ulikuwa umegeuka, na moshi wa Nyiragongo ulikuja upande wetu hata anga ikawa na rangi ya majivu. Mvua kubwa haikunyesha, yalikuwa manyunyu mepesi tu, na manyunyu hayo yote yaliteremka kwenye mabati yetu, yakaingia ndani ya tangi. Nilienda barazani nikaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa makali kama limau lililozimuliwa.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Bomba la maji safi liko chini kabisa ya uwanja wetu, na kulifikia kuna ngazi za mawe ambazo hata mimi huzishuka kwa kushika ukuta. Afande hawezi. Tangi ndilo alilokuwa akilifikia peke yake, na mimi ndiye niliyepaswa kwenda kumwambia kwamba lina sumu. Nilifikiria kulijaza maji ya bomba kwa siri wakati amelala usingizi wa mchana. Nikaiacha fikra hiyo. Mtu aliyeamuru wanaume wenzake hawezi kudanganywa kama mtoto wa chekechea, na angejua, na jambo hilo lingemwumiza kuliko kiharusi.

Nikamwambia wazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akatazama chupa yake yenye matundu, akaiweka dirishani.

Miche haikupata maji siku ile. Nilijua akinisikia nimebeba ndoo bila kuagizwa, atasema asante, na ndani yake kitu kitazimika. Nikashona. Kesho yake jua likapiga dirishani, na kufikia mchana majani yalikuwa yamelegea, yananing'inia pembeni mwa madumu. Yeye aliyatazama. Mimi niliutazama mguu wa cherehani nikakanyaga, nikashona mshono uliopinda ambao baadaye niliufumua wote. Nilikuwa nalia kidogo, na nilishukuru kwamba cherehani ina kelele.

Nitangulie kusema kwamba miche ilipona. Majani mapya yalitoka safi, na mingine ya ile miche sasa iko Kanzenze kwa mtoto wetu mkubwa, na kiongozi wa mtaa alipata wake. Shemeji yangu bado anasema ilikuwa milidiyu, ila ilitishwa na ukali wangu.

Lakini mchana ule sikujua hayo. Nilisikia fimbo ikigongwa sakafuni.

"Mama."

Nikasimamisha cherehani.

"Leta maji ya bomba," akasema. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. "Tafazali. Hii miti inakufa na kiu."

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Nilizishuka zile ngazi bila kushika ukuta. Niliporudi alijaza chupa, akamwagilia kila mche kwenye udongo, si juu ya majani, mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Ndani ya jagi maji yalibaki. Akayatazama kwa muda.

"Na mimi unipatie," akasema.

Nilimpa glasi. Alikunywa yote, mengine yakimtiririka upande ule uliolegea wa mdomo, akaninyooshea glasi niijaze tena. Akanywa na hiyo.

"Sasa usiende mbali," akaniambia. "Kisha kidogo utanipeleka choo."