Koti la Dada

Tusimsingizie Fundi: roho mbaya hakuwa nayo. Mdomo ndio aliokuwa nao. Kwenye kila shughuli pale mtaani, glasi zikishajazwa utasikia, "Fundi yuko wapi? Asimame Fundi!" Naye husimama, tepu ya kupimia ingali shingoni, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Sifa hizo zilimlevya kuliko kinywaji chochote.

Basi dada yake alipostaafu ukarani wa mafaili hospitalini, baada ya miaka thelathini na mmoja, wenzake wakamwandalia tafrija, na Fundi akapewa zamu ya kusema machache na kuinua glasi. Asubuhi ile dada alipita dukani kuchukua koti lake.

"Mdogo wangu, leo sema lolote utakalo," alimwambia. "La koti tu libaki letu wawili."

"Ah, dada nawe! Kwani mimi mtoto mdogo?"

Koti lenyewe lilikuwa moja miaka yote hiyo. Fundi alishalifumua mara tatu: mara kaleta ndani nje, mara kapindua kola, mara kalitia rangi na kubadilisha vifungo. Ofisini walidhani anayo manne. Walimwita Bi Nadhifu, na jina hilo alilipenda jamani, lilimnyoosha mgongo kila asubuhi.

Na maneno mazuri Fundi alikuwa nayo, tena kayafanyia mazoezi wiki nzima. Kwamba mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea. Kwamba akiba aliyoweka dada kwa ajili ya koti jipya ndiyo iliyonunua cherehani anayoshonea mpaka leo. Maneno ya kumtoa mtu machozi.

Sasa, aliyemtangulia kusema alikuwa mkuu wa idara, na siku hiyo mkuu wa idara alichekesha. Watu walishika mbavu. Fundi akaona wivu. Ndiyo, wivu, mtu mzima na mvi zake! Akasimama, ukumbi ukatulia, na yale maneno ya mama akayaona yamepooza.

"Jamani, koti la Bi Nadhifu mmeliona?"

"Tumeliona!"

"Jipya, eti?"

"Jipya!"

"Jipya la wapi! Hilo ndilo lile la kijani. Ndilo lile la kahawia. Nimeligeuza mpaka lenyewe halijui mbele wala nyuma!"

Loo! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Karani mmoja akamshika dada mkono, akakunjua upindo kuchungulia ndani. "Kumbe kweli, kijani hiki hapa!" Mwingine akainua glasi juu: "Koti hoyee!" Na wote wakaitikia, "Hoyee!"

Dada naye alicheka, lakini kwa meno tu. Kiganja chake kilikuwa kimefunika ule upindo, na glasi yake ilibaki mezani. Fundi alipomtazama, aibu ilimpanda toka kwenye nyayo. "Lakini jamani, dada yangu huyu..." alianza. Nani amsikilize? Muziki ulishafunguliwa. Maji yakimwagika ndiyo basi, hayazoleki.

Wiki mbili alikaa dukani akiona haya hata kuvaa tepu shingoni. Wateja wakimtania, "Koti hoyee!" yeye alijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Dada, ambaye kila Ijumaa lazima apite kumjulia hali, hakupita. Mwishowe Fundi akajikaza, akaenda kwake.

Dada akamfungulia, akamkaribisha, akammiminia chai. Hakumgombeza. Heri angemgombeza! Alikuwa amevaa koti jipya, jipya la kweli, kitambaa kizuri tu, lakini mshono wa begani ulijikunja, kola ilikaa upande, na mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole viwili. Fundi aliyaona yote hayo kabla hajaketi.

"Dada, nisamehe. Nilikukosea mbele za watu."

"Yamekwisha, mdogo wangu. Kunywa chai, itapoa."

Akanywa.

"Nani kalishona?" aliuliza.

"Kuna fundi mmoja kule sokoni," alisema dada, akivuta ule mkono mrefu ufiche kidole gumba. "Kushona hajui sana. Ila ni mkimya."

Fundi akainamia kikombe chake.

"Limekukaa vizuri, dada," alisema.