Siku Tuliyomwita Bi Zuhura Mchawi

Kuna siku moja ya baridi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani yangu. Miaka ya sabini ndiyo kwanza imeanza, nami ni msichana wa Machakos niliyekuja Birmingham kusomea uuguzi. Nilipanga chumba Moseley, katika nyumba ya mjane wa Kipolandi tuliyemwita Mama Halina. Ghorofa ya juu aliishi Agnes, Mkenya mwenzangu, na mumewe na mtoto wao mchanga, Tito. Chumba cha chini alikaa Bi Zuhura, mtu mzima wa Unguja aliyeletwa na mwanawe, kisha mwanawe akapata kazi melini, akamwacha peke yake. Kiingereza hakujua. Agnes akienda kazini, Bi Zuhura ndiye aliyempakata Tito na kumwimbia hadi alale.

Siku hiyo Tito alishikwa na degedege mikononi mwa Bi Zuhura. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa. Nilimnyakua, nikapanda naye teksi hadi hospitali kule Edgbaston, na Agnes akatufuata kutoka kazini. Mtoto akalazwa.

Jioni tulirudi kuchukua nguo. Agnes aliingia moja kwa moja jikoni kwa Mama Halina. Bi Zuhura alikuwa palepale, anamenya viazi. Agnes akasema kwa Kiingereza:

"Huyu mama ni mchawi. Amemroga mwanangu. Akilala hapa leo, sisi tunahama."

Bi Zuhura aliinua uso. "Mtoto hajambo?" akauliza.

Mama Halina alizima jiko, akanigeukia. "Mwambie anachoshtakiwa."

"Hakuna haja," Agnes akasema.

"Haja ipo. Hawezi kuhukumiwa kwa lugha asiyoijua."

Nilitafsiri. Bi Zuhura akaweka kisu chini.

"Agnes, mwanangu," akasema, "mie nimempakata tu. Alikuwa wa moto, nikamvua sweta."

Mama Halina akavuta kiti, akaketi karibu na Agnes. Alisema taratibu, kwa Kiingereza chake cha kukwaruza:

"Kijijini kwetu, zamani sana, kulikuwa na mkunga. Ng'ombe wa jirani wakakauka maziwa, na mtoto aliyemsaidia kuzaliwa akafa. Wanakijiji wakamfunga kamba, wakamtupa bwawani. Akizama, hana hatia. Akielea, ni mchawi. Akaelea. Wakamtesa hadi akakubali, wakamtesa tena hadi akamtaja dada yake. Wakawachoma wote wawili. Mimi nilipokuwa mdogo, bado tulikatazwa kucheza karibu na bwawa lile."

Agnes akauliza: "Na wale ng'ombe?"

"Hawakutoa maziwa. Na wanawake wa kijiji wakabaki kuzaa bila mkunga."

Hapo Agnes akaanza kulia. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa sana."

"Najua," Mama Halina akamshika mkono. "Hata wao waliogopa. Hawakuwa watu wabaya kuliko sisi."

Baadaye, hospitalini, daktari alitueleza kwamba Tito alikuwa na ugonjwa wa sikio, homa ikampanda ghafla. Mtoto aliporuhusiwa kutoka, Agnes hakupanda ngazi kwenda chumbani kwake. Alibisha mlango wa Bi Zuhura, Tito begani, mimi nikiwa nyuma yake na mfuko wa nguo.

"Nisamehe, mama. Mpokee."

Bi Zuhura alificha mikono ndani ya mtandio. "Naogopa sasa. Je, akishikwa tena?"

"Akishikwa tena, tutakimbia naye pamoja."

Ndipo akainyoosha mikono, na Tito akalala kifuani pake palepale mlangoni.

Mwanangu, hofu ikiingia nyumbani hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humchagua mzee, mpweke, mtu ambaye lugha yake haieleweki. Kabla hujamtamka mtu kwa ubaya, kaa mbele yake, muulize kwa maneno anayoyaelewa, na usubiri jibu. Na ukiwakuta wengine wanamsengenya, usiondoke chumbani. Wewe uwe ndiye wa kumtafsiria.

Mungu akujalie watoto wenye afya na moyo usiokimbilia kuhukumu. Na ukizeeka ugenini, kama mimi, akupe majirani watakaokupa watoto wao uwapakate.