Tundu la Pua ya Kulia

Mwalimu Digambar Athalye alifundisha uchoraji kwenye shule moja ya Wai, mji wa kando ya mto, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika wanafunzi wake wote hakutoka mchoraji hata mmoja. Hilo halikumnyima usingizi. Kilichomsumbua maisha yake yote kilikuwa picha moja: Lakshmi wa mama yake.

Ilikuwa moja ya zile picha za miungu zilizochapwa zamani kwa mawe, rangi juu ya rangi, zikapakwa vanishi mpaka zikang'aa. Lakshmi, mungu wa kike wa neema, amesimama juu ya yungiyungi, tembo pembeni ameinua shada la maua. Mama mtu alikuwa amemvisha, maana ndivyo walivyofanya wanawake wa siku zile: alishonea juu ya karatasi kitambaa cha sari ya hariri, akatia uzi wa fedha pindoni na shanga shingoni. Mwaka nyumba ya ukoo ilipouzwa, Digambar akiwa chuoni, shangazi mmoja aliitoa picha hiyo kwa mnunuzi wa chupa na magazeti makuukuu. Mama alilia mwezi mzima. Miaka baadaye, akiwa kitandani anakata roho, alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Nitafutie Lakshmi wangu." Digambar akaitikia.

Basi akaanza kutafuta, na kutafuta kukageuka ugonjwa. Kila Jumapili alipanda baiskeli akaenda kijiji hiki na kile, popote aliposikia nyumba kongwe inabomolewa. Alipostaafu alikuwa na picha mia nne, nyingine ukutani, nyingine kwenye madroo yaliyojaa majani ya mwarobaini ya kufukuzia wadudu. Ya mama yake haikuwemo.

Alizipataje? Hapo ndipo mimi huwa nakasirika. Kwa watu wetu picha ya mungu ikichanika, au kioo chake kikipasuka, haiombwi tena. Inarudishwa mtoni kwa heshima zake. Digambar alilijua hilo kama kila mtu, akaligeuza mtego. Alisimama mlangoni kwa bibi wa watu, uso wa huruma, akatazama ukutani.

"Mama, kioo kina ufa. Huyu hakai tena hapa. Nipe, mimi naelekea mtoni, nitamfikisha."

Bibi angemwinamia mungu wake mara ya mwisho, akamtilia punje za mchele na manjano kidogo, akamkabidhi. Na picha ingekwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu. Sijui alilalaje, ila alilala vizuri tu.

Nyumbani alishika wembe. Picha iliyovishwa aliivua, uzi kwa uzi. "Takataka za jikoni," alikuwa akisema. "Msanii kachora, hawa wamemchomachoma sindano." Matundu aliyaziba kwa gundi ya unga, akayapaka rangi kwa brashi nyembamba, na kila tundu akaliandika kwenye daftari. Hariri hakuitupa. Aliiweka kwenye kopo la biskuti iwe ya kufutia, kwa sababu hariri haikwaruzi kioo. Picha pekee alizoziacha na nguo zake ni zile za sari ya kijani, kwani ya mama yake ilikuwa ya kijani, pindo jekundu. Hizo alizipeleka dirishani, akazichungulia kwa lenzi, akaguna, akaziweka chini.

Alikuwa na dada mmoja, Vatsala, aliyeozwa mbali, mjini Nagpur, akiwa na miaka kumi na sita. Kila mwaka siku ya Bhaubij, siku ya dada na kaka baada ya Diwali, Digambar alimtumia bahasha kwa posta na kuona amemaliza kazi. Mwaka huu Vatsala, mjane sasa, alipanda basi akaja mwenyewe. Akamkalisha kaka yake juu ya ubao, akamzungushia taa usoni, akamtia alama nyekundu kwenye paji la uso na kashata ya nazi mdomoni. Zamu ya kaka kuweka zawadi kwenye sinia ikafika, naye akachomoa bahasha.

"Bahasha zako nimezipokea miaka arobaini," Vatsala akasema. "Leo sitaki. Zawadi yangu, nionyeshe hizo picha."

"Utaelewa nini wewe?"

"Macho ninayo, kaka. Moja lina mtoto wa jicho, lakini lingine zima."

Digambar akacheka, akampeleka chumba cha ndani, Vatsala amebeba sinia na taa yake. Akampitisha ukuta baada ya ukuta, anaeleza kama yuko darasani, mpaka wakafika kwenye kipenzi chake: Lakshmi msafi, asiye na doa, rangi kama zimechapwa jana.

"Huyu ndiye roho yangu. Nilimpata kijiji cha Bhuinj miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa bibi mmoja. Alikuwa kavishwa vitambaa, humuoni uso."

Vatsala alisogea. Akavua miwani, akavaa tena. "Mteremshe. Toa kioo."

Digambar alinung'unika, lakini akatoa. Dada yake akaweka kidole kwenye pua ya Lakshmi, upande wa kulia.

"Hapa pana tundu."

"La mdudu. Nimeliziba." Akashangaa kidogo, maana wataalamu wa mjini walikuwa wamepita na lenzi zao bila kuliona.

"Si mdudu. Ni mimi."

Digambar akamtazama.

"Nilikuwa na miaka sita," Vatsala akasema. "Mama alinipa kipini cha lulu na sindano, akaniambia, leo mvishe wewe, puani kushoto. Nikatoboa kushoto kwangu. Kumbe kushoto kwangu ndiko kulia kwake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kibaki hapo hapo, Lakshmi wa nyumba hii awe na kichwa kigumu kama binti yangu."

"Ya mama ilikuwa ya kijani. Hii ilikuwa imevaa zambarau. Najua, nimeivua mwenyewe."

"Ya kijani ilikuwa ya kwa mjomba, tena si Lakshmi, ni Saraswati. Ya mama ilikuwa ya zambarau, kipande cha sari yake ya harusi. Wewe ulikuwa ukiingia mbio, unainamisha kichwa, unaomba ufaulu mtihani, huyo, umetoka. Ulimtazama lini?"

Digambar alifungua daftari. Mwandiko wake mzuri wa kiualimu ulikuwa pale pale. *Bhuinj. Sari ya zambarau, imeondolewa. Kipini cha lulu, kimeondolewa. Tundu la mdudu, pua ya kulia.*

"Miaka yote hii," Vatsala akasema, "mbona hukuniuliza hata mara moja?"

Ukweli ni kwamba haikumpitia akilini kuwa Vatsala angejua kitu.

"Huyo bibi wa Bhuinj ulimwambia nini?"

"Kwamba nampeleka mtoni."

"Alilia?"

"Kidogo."

Digambar aliinua picha kwa mikono miwili, akaiweka juu ya sinia, kando ya taa. "Mchukue. Ndiyo zawadi yako."

"Na nguo yake iko wapi?"

Macho ya Digambar yakaenda kwenye kopo la biskuti. Vatsala akalichukua, akalimwaga lote sakafuni. Vikatoka vipande vyekundu, vya njano, vya waridi, vimekakamaa kwa vumbi, vingine bado vina uzi wa fedha. Cha zambarau hakikuwepo. Ndicho kilichokuwa laini kuliko vyote, kwa hiyo ndicho kilichoisha mapema. Digambar alikimaliza mwenyewe kwa kukifutia kioo cha picha hii hii, kila Jumamosi, mpaka kikamchanikia mkononi.

"Baki naye," Vatsala akasema. "Huyu ni wa kiwandani. Wa mama ulimfutia vioo."

Akaanza kuokota vile vipande, kimoja kimoja, akivikung'uta na kuvikunja. Akavilaza kwenye upindo wa sari yake, akachota mchele wa kwenye sinia akanyunyizia juu.

"Ngoja nivae viatu, twende wote," Digambar akasema.

"Wewe kaa. Umeshakwenda mara mia nne."

Kutoka mlango ule hadi mtoni ni hatua mia mbili, na Vatsala alizitembea peke yake, anapapasa ukuta upande wa jicho bovu.