Ngoma ya Mapacha na Ubatizo wa Mayu

Nikisikia mtu anamwambia mwanamke "vumilia, mama, uvumilivu ni fadhila," mwili wote huniwasha. Si kwamba siamini. Mimi ni Mkristo, na nimevumilia mengi ambayo wewe hutaki kuyasikia. Ila wengi wanaolisema neno hilo kwa sauti ya kubembeleza wanataka tu ukae kimya, ukae kule nyuma, usiwasumbue. Uvumilivu nilioujua mimi utotoni uliamka mapema, ukajifunga kaniki kiunoni, na haukukubali kufukuzwa. Ulikuwa wa mama yangu.

Tulimwita mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Shinyanga mjini, na miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na mizimu ya kwao, na dini ya mayu haikumsumbua, mradi ugali uive. Mayu alitaka kubatizwa. Alikitaka kitu hicho kuliko kingine chochote chini ya jua. Wakati ule ilikuwa miaka minne ya mafundisho kwa mwalimu wa dini, pale kigangoni kwetu, kwenye kanisa la udongo na nyasi. Ukivuka hatua ya mwanzo unavishwa medali shingoni, na mwisho padre anakuja na pikipiki kutoka misheni kukuhoji. Mayu alikuwa amemaliza miaka mitatu, medali shingoni, alipojifungua mapacha.

Sasa, kwa watu wa kwetu mapacha, tuliowaita mabasa, hawakuwa jambo la mchezo. Wazazi wao walionekana hatari kwa kila mtu mpaka wachezewe ngoma yao na kunyunyiziwa dawa. La sivyo mvua ingekataa, na ng'ombe wa majirani wangeharibu mimba. Mwalimu naye alikwisha kutangaza kwamba atakayeshiriki ngoma hiyo ataanza mafundisho upya. Mayu akaikataa ngoma.

Kilikuwa kiangazi, na maji tuliyapata kwa kuchimba mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu. Alipofika mtoni wanawake wakafunika mashimo yao kwa miiba. Wakamwambia, bila hata ugomvi, "Mama mabasa, nyunyiziwa kwanza." Nilipotumwa mimi nilirudishwa na kibuyu kitupu. Mayu akashikilia siku sita. Maziwa yakaanza kumkauka, na vile vitoto vikawa vinalia kama paka. Siku ya saba akamwambia bibi, mama yake baba, "Waite waje."

Loo, ngoma ile! Matusi waliyoimba wanawake wale wenye heshima zao siwezi kuyaandika, maana matusi ndiyo desturi yenyewe. Mayu alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe, mapacha mapajani, akapakwa unga mweupe na kunyunyiziwa dawa, uso ameukaza kama anayeng'olewa jino. Mimi nilicheza mpaka nguo ikataka kunivuka. Siku hiyohiyo tukachota maji.

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipotuponza. Nilikuwa na miaka kumi, nimeanza mafundisho mwaka huohuo. Jumatatu mwalimu akaniuliza mbona nina unga kwenye nywele. Mtoto mwenye akili angesema alikuwa anatwanga. Mimi nikasimama, kwa majivuno, nikasema ngoma ilikuwa kwetu na hakuna aliyenishinda kucheza. Wenzangu wakacheka, mwalimu hakucheka.

Jumapili akamwita mayu mbele ya watu wote, akamwamuru avue medali. Mayu akaivua. Akaambiwa arudi darasa la kwanza, miaka yote minne, kama mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Yesu. "Vumilia, mama," mwalimu akamwambia. "Uvumilivu ni fadhila." Nilitamani ardhi inimeze. Njiani nikamwambia mayu kwamba niliyesema ni mimi.

"Ulisema uongo?" akaniuliza.

"Hapana, mayu."

"Basi beba mtoto." Akanipa pacha mmoja, na neno hilo hakulirudia tena maisha yake yote. Mimi hadi leo nalionea aibu.

Kila mtu alidhani ataacha. Thubutu! Siku ya mafundisho alikuwa benchi la mbele, kando yangu, katikati ya watoto, pacha mmoja mgongoni na mwingine kwenye ziwa, akifundishwa ishara ya msalaba ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha mimi nyumbani. Mwalimu akaona haya, akamwambia anaweza kukaa kule nyuma na watu wazima. Mayu akamjibu, "Umesema darasa la kwanza, mwalimu. Darasa la kwanza liko hapa." Aliitikia kwa sauti kuliko sisi wote, makusudi kabisa, mpaka mwalimu akawa anatazama dirishani. Baba alimtania kwamba wenzake wataota ndevu yeye bado anajifunza Baba Yetu. Mayu akacheka tu, akamwambia na yeye aje, nafasi ipo.

Ikapita miaka minne. Padre akaja, mzungu mzee mwenye ndevu mpaka kifuani, akatuhoji mmoja mmoja. Mimi nikapita. Mayu alijibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Ndipo mwalimu akainama, akamnong'oneza padre sikioni.

"Mama," padre akauliza, "unaijutia ile ngoma?"

Neno moja tu lingemtosha. Nilisimama mlangoni nikimwombea kimoyomoyo: sema ndiyo, mayu, sema ndiyo twende zetu.

"Padre, dhambi zangu nazijua, na nazijutia," akasema. "Nina hasira. Nimewahi kumlaani shemeji yangu. Lakini siku ile nilikuwa natafuta maji, wanangu wasife. Nikikwambia najuta nitakuwa nakudanganya. Unataka nianze Ukristo na uongo?"

Padre akazungusha kalamu yake. "Tungoje kwanza," akasema.

Nikalipuka. Nikapiga kelele kwamba kama ni hivyo na mimi sibatizwi, wakae na maji yao! Mayu akanikamata sikio, akalifinya mpaka machozi yakanitoka. "Wewe utabatizwa," akasema. "Nitakuhitaji." Sikumwelewa. Nilibatizwa nimenuna, na mayu akarudi benchi lilelile.

Miaka miwili baadaye akaletwa padre mwingine, kijana. Akamsikiliza mayu sala zake zote, na mwalimu alipoinama kunong'ona akamwambia, "Nimemsikia mwenyewe." Mayu alipoulizwa msimamizi wake wa ubatizo ni nani, akaninyooshea mimi kidole. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikasimama mlangoni mwa kanisa, mkono wangu wa kulia begani kwa mtu aliyenizaa. Mapacha, majitu ya miaka sita, walikuwa wanasukumana nyuma yetu.

Padre alitaka kumsifu kabla hajaanza. Akawageukia watu. "Mtazameni mama huyu," akasema. "Huu ndio uvumilivu wa Kikristo. Amesubiri miaka tisa!" Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba kazi hiyo ilikuwa yake.

Bega la mayu likakaza chini ya mkono wangu.

"Sikusubiri, Padre," akasema, na hata waliokuwa nje walimsikia. "Miaka yote hiyo nilikuwa nakuja."